Upepo Ndani ya Tanuri la Mama Apolline

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Charline alifuta vumbi. Wanaoishi Majengo, hapa Goma, wanajua ni vumbi gani ninalosema: lile jeusi la mawe ya volkano, laini kama unga wa muhogo, linaloingia hata kwenye tundu la ufunguo. Unafuta meza, unageuka kuchukua fagio, ukirudi meza imekwisha kuwa nyeusi tena. Ndiyo maana kila nyumba ina vitambaa. Redio ina chake, televisheni ina chake, na kwa Mama Apolline, mama yake Charline, kitambaa kizuri kuliko vyote kilifunika tanuri la mikrowevu. Kilifumwa na nyanya yake Charline kule Masisi, kwa nyuzi nyeupe, na mashada ya nyuzi yalining'inia pande zote nne.

Tanuri hilo halikuwa pambo. Mama Apolline alioka keki za harusi na za ubatizo, na keki zake zilisifiwa kutoka Majengo hadi Murara. Lilikuwa na kazi mbili: lilipasha chakula moto kama mikrowevu yoyote, na ukibonyeza kitufe chenye picha ya feni, lilioka. Charline, mwenye miaka kumi na miwili, aliruhusiwa kulitumia kwa sharti moja. Lazima atoe kitambaa kwanza na kulivuta tanuri mbele, lisigusane na ukuta. Mama hakuwahi kueleza sababu, na Charline hakuwahi kuuliza.

Siku ya Jumanne Mama alikwenda Kituku kununua samaki, akamwachia Charline biskuti za kuoka. Mara rafiki yake Deborah akaita kutoka nje, kamba ya kuruka mkononi. Charline akabonyeza kitufe mbio mbio, kitambaa kikiwa bado juu ya tanuri na tanuri likiwa limebanwa ukutani, akatoka. Aliporudi, nyumba ilinuka nyuzi zilizoungua. Feni ilikuwa kimya. Biskuti zilikuwa nyeupe kama chaki, na mashada ya nyuma ya kitambaa yalikuwa yamekuwa meusi, mengine hayapo kabisa.

Charline alichomoa waya. Akachukua mkasi, akakata sehemu iliyoungua, akakikunja kitambaa na kukificha chini ya nguo zake ndani ya sanduku. Mama alipoingia, jibu lilikuwa tayari.

"Ilijizima yenyewe, Mama. Ni courant."

Goma, ukisema hivyo, hakuna anayekuuliza la pili. Umeme umesingiziwa makosa mengi kiasi kwamba hauwezi tena kujitetea. Kitambaa nacho, Charline alisema amekifua. Mama Apolline alikaa kwenye kiti, akashika kichwa.

"Gato ya Umuhoza ni ya siku ya posho," alisema, akimaanisha keki ya ghorofa nne ya bibi harusi wa Jumamosi. "Etaje ine. Harusi ya mutu! Nikimuharibia siku yake, nani atanipatia tena kazi?"

Charline aliinamisha uso. Usiku ule, na uliofuata, kila alipofumba macho aliona bibi harusi amesimama mbele ya meza tupu.

Alhamisi asubuhi Mama alitoka kwenda barabarani kumpokea fundi kutoka Murara. Charline alipobaki peke yake, tumaini la kijinga lilimwingia: labda tanuri limepona lenyewe. Alilichomeka, akaweka kikombe cha maji ndani, akabonyeza. Taa iliwaka, sahani ikazunguka, maji yakapata moto! Alitaka kupiga kelele za furaha. Kisha akabonyeza kitufe cha feni. Hakuna upepo, hakuna joto. Nje pikipiki ikanguruma. Charline akachomoa waya, akamwaga maji, akasimama kando kama mtu ambaye hajagusa kitu tangu azaliwe.

Fundi alikuwa mwanamke. Charline alimtazama kwa mshangao: alivaa ovaroli ya bluu, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, na sanduku lake la vyuma lilikuwa zito kiasi kwamba dereva wa pikipiki alimsaidia kulishusha. Aliitwa Mama Patricia.

"Bonjour, Mama Charline. Mugonjwa iko wapi?"

Hakukimbilia kufungua. Kwanza alichukua plagi ya tanuri, akaiweka juu ya meza mbele ya macho yake. "Hivi hakuna mutu ataichomeka miye sijaona," alisema. Kisha akamwita Charline. "Karibia, mutoto. Unajua hii kitu inapikaka namna gani?"

"Inatoa moto," alijibu Charline.

"Moto gani? Uliona moto mule?"

Charline akachungulia mlango wa tanuri. Kweli, miaka mitatu alikuwa akipasha uji mle ndani, na hakuwahi kuona moto.

Mama Patricia alifungua skrubu moja moja, akaziweka katika kifuniko cha kopo, kisha akainua ganda la chuma. Ndani kulikuwa na nyaya za rangi zote, vyuma vinavyong'aa, na vitu ambavyo Charline hakuwa na jina la kuviita. Alisahau woga wake kwa dakika nzima.

"Hapa njo kunatokea mawimbi," alisema Mama Patricia, akionyesha kwa mbali kitu chenye mapezi ya chuma. "Hauwezi kuyaona. Yanaingia mule ndani, yanagonga kuta za chuma, yanarudi, yanagonga tena. Yakikuta maji mu chakula, yanayageuza huku na huku, mara zaidi ya miliari mbili kwa segonde moja. Maji inasuguana, inapata moto. Njo maana sahani inaweza baki baridi na uji inachemuka."

"Miliari mbili?" Charline alinong'ona, akijaribu kuwaza bilioni mbili za kitu chochote. "Kwa segonde moja?"

"Moja tu. Na angalia mulango. Unaona tundu ndogo ndogo za ile wavu? Mwangaza inapita, tunaona chakula. Lakini wimbi moja iko na urefu kama kiganja yangu. Haiwezi kupita pale."

Charline alisogeza uso karibu na kioo. Mara ngapi alikuwa ameegemea mlango ule akisubiri uji, na upande wa pili wa wavu mwembamba kitu kisichoonekana kilikuwa kikichemsha maji?

"Ile ni moto ya kwanza," aliendelea Mama Patricia. "Ya pili iko nyuma: waya ya mviringo yenye kuwa nyekundu, na feni. Feni inasukuma hewa ya moto kuzunguka gato pande zote, juu, chini, pembeni. Njo inaipatia rangi. Bila upepo, hakuna gato. Na upepo yako, Mama Charline, njo imekufa."

Kisha sauti yake ikabadilika. Alionyesha kopo dogo la chuma lililofichwa kwenye kona. "Lakini kwanza hii. Inakamata courant na inaifunga ndani, hata kama umechomoa. Iliisha kuua mafundi, watu wenye walikuwa wanajua kazi. Hii mashine ilifanya kazi mara ya mwisho siku gani?"

"Tangu juzi haijaguswa," alijibu Mama Apolline. "Sivyo, Charline?"

Charline aliitikia kwa kichwa.

Mama Patricia aliuweka mkono wake wa kushoto mgongoni, mbali na chuma, akaushikilia pale, na mkono wa kulia ukaanza kuingia taratibu ndani ya tanuri kusogeza nyaya zilizoziba njia. Charline alitazama vidole vile. Aliwaza kikombe cha maji. Kilikuwa kimechemka muda mfupi tu uliopita. Vidole vilikaribia kona, na kopo lilikuwa pale, kimya, limejaa.

"Usiguse!" alipiga kelele. "Mama Patricia, usiguse! Niliiwasha! Sasa hivi, mbele ya nyinyi kufika! Nilidanganya!"

Mkono ulisimama. Mama Apolline alimgeukia binti yake, mdomo wazi.

Mama Patricia alitoa mkono, akavua miwani, akamtazama Charline. Hakuonekana kukasirika. Alivuta kutoka kwenye sanduku chombo kirefu chenye mpini mnene wa plastiki, akaurudisha mkono wa kushoto mgongoni, akanyoosha ncha yake hadi kwenye kopo.

Taak!

Cheche ya bluu iliruka. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele, lakini mlio wake ulimfanya Mama Apolline aite jina la Yesu. Charline alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta. Kitu kile kilikuwa kimelala pale, ndani ya nyumba yao, kwa sababu yake.

"Kila siku naiuaka kwanza na hii chuma," alisema Mama Patricia polepole. "Hata Padiri akiniapia kama haina kitu. Njo maana ningali hai. Lakini weye haukujua vile, mutoto. Uliona nitakufa, na ulisema."

Charline alianza kulia, na maneno mengine yakatoka pamoja na machozi. "Na haiko courant. Ni miye. Nilikwenda kuruka kamba, niliacha kitambaa juu, iliungua. Nilikata na mukasi. Iko mu sanduku yangu."

"Kitambaa ya mama yangu?" Mama Apolline aliuliza. Aliuliza kwa sauti ndogo, na sauti hiyo ilimuumiza Charline kuliko kofi. "Siku mbili naangaikia courant, na mutoto wangu iko ananiangalia tu?"

"Unisamehe, Mama."

Mama aliangalia pembeni, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Mama Patricia aliligeuza tanuri, akafungua mgongo wake. Nyuzi! Zilikuwa zimezunguka mhimili wa feni mara nyingi, zimekaza, nyeupe na nyeusi, zimechanganyika na vumbi la volkano. Feni ya nje, ile inayopoza mota na kuzunguka kwa mhimili mmoja na feni ya ndani, ilikuwa imezivuta kupitia matundu ya hewa.

"Feni ilifungwa," alieleza, akizikata kwa wembe uzi baada ya uzi. "Waya ikabaki inawaka bila upepo, moto ikapita kipimo. Sasa muone hii kidude." Alishika kitu kidogo cha mviringo, si kikubwa kuliko kifungo cha shati. "Kazi yake ni kungojea siku moto inazidi, ikate courant ya ile waya ya moto ili nyumba isiungue. Ilikata. Ilikufa kwa ajili yenu, ili musiungue."

Charline alikitazama kifungo kile. Alikuwa nje akiruka kamba, na kitu kile kidogo kilikuwa kikilinda vyumba viwili vya mbao, vitanda vyao na madaftari yake.

Mama Patricia alitafuta kingine katika sanduku, akakijaribu kwa kipimo chake hadi kikalia "tii", akakifunga. Alisafisha matundu kwa brashi, na vumbi jeusi likajaa kiganja. Alizungusha feni kwa kidole: ilizunguka, ikaendelea kuzunguka. Aliporudisha kila kitu mahali pake, alichemsha kikombe cha maji, huku akipitisha kipimo kingine kuzunguka mlango aone kama mawimbi yanavuja. Hayakuvuja. Kisha akambonyezesha Charline kitufe chenye picha ya feni.

Upepo uliamka. Ulikuwa mvumo mdogo, na baada ya muda harufu ya joto safi ikajaa chumba. Mama Apolline alipiga makofi, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Kitambaa ni ya mashine yenye imelala," alisema Mama Patricia akikusanya vyombo. "Ikiamka, inapumua kama sisi. Mama Charline, na weye unieleze: ulimwambia mutoto sababu gani anatoa kitambaa?"

"Sikumuelezaka," alikiri Mama Apolline.

"Basi sasa anajua." Fundi alimshika Charline bega. "Sikia. Kama haungesema, ningefungua kila waya mupaka jioni, natafuta courant yenye haikuharibu kitu. Mashine ikiharibika, inaonyesha pahali inauma. Sisi watu njo tunafunika. Ukiharibu, sema siku ileile, na usingojee mupaka mutu anakaribia kufa. Unasikia?"

"Ndiyo, Mama Patricia."

Pikipiki iliondoka. Mama Apolline alipiga mayai, akachanganya unga, akamimina katika chombo cha etaje ya kwanza. Charline alivuta tanuri mbele bila kuambiwa. Alitazama chini, akingoja kufukuzwa jikoni.

"Leta kiti," alisema Mama. "Utaichunga weye. Miye niko nje, nasafisha vyombo."

"Miye, Mama?"

"Weye."

Charline alikaa mbele ya kioo, mikono magotini. Ndani, upepo wa moto ulizunguka, na keki ikaanza kuinuka, taratibu, kana kwamba inavuta pumzi. Kingo zilikuwa za dhahabu. Hakuwahi kuona jambo zuri hivyo, ingawa limekuwa likitokea mezani kwao kila wiki. Kisha, karibu na mwisho, katikati ya keki ukatokea mstari. Ukapanuka. Ufa.

"Charline!" Mama aliita kutoka nje. "Gato iko namna gani?"

Neno "muzuri" lilikuwa tayari kwenye ulimi, jepesi kabisa.

"Mama, imepasuka juu, kidogo."

Vyombo viliacha kulia. Mama Apolline akaingia, mikono ikitiririka maji ya sabuni, akainama kando ya binti yake na kuchungulia kwenye kioo.

"Ile tutafunika na crème," alisema. Kisha akaweka mkono wake wenye maji shingoni mwa Charline, akauacha pale. "Asanti ya kuniambia."