Bunduki Mbili, Mgongo Mmoja

Walikuwa wameshaanza kushuka kutoka msitu wa Cyamudongo, siku ya pili ya doria, ukingo wa njia ulipobomoka kwa mvua ukaenda na mzee Muhigirwa. Védastine alisikia mti unavunjika. Haukuwa mti. Alipomfikia bondeni, mfupa wa mguu wa mzee ulikuwa umetoboa suruali, na redio ilikuwa imechukuliwa na maji.

Walinzi wa msitu, wawili tu. Védastine alimfunga mguu kwa vijiti na mkanda, akamwaga chupa yote ya maji kwenye kidonda.

"Bunduki yangu usiache," Muhigirwa alisema. "Muntu akiokota, kesho atatuulia nayo."

Hapo ndipo tabu. Bunduki ile, kila ukivuta kidole inatoa risasi moja, ikijaa inapita kilo nne. Asubuhi huihisi. Mchana mkanda unakata bega. Jioni ni kama unaburuta mbuzi asiyetaka kwenda. Na yeye alikuwa nazo mbili.

Alichomoa magazini, vile visanduku vya risasi, akavuta vyuma kuhakikisha hamna risasi iliyobaki ndani, akazivaa bunduki zote mbili kifuani msalaba, ili uzito wa mbele usawazishe ule wa nyuma. Kisha akambeba mzee mgongoni. Mitutu ilimgonga magoti kila hatua. Hatua ishirini, anapumzika. Baadaye kumi.

"Papa, uko muzito kama mufuko ya simenti."

"Mufuko ni kilo hamsini tu. Mi nilikula nikapita."

Saa tisa mchana walitokea ukingoni mwa msitu. Ng'ambo ya bonde, upande wa Gitambi, watu walikuwa wanalima muhogo. Damu ya mzee ilikuwa imejaa kwenye buti la Védastine, na mzee alikuwa amefumba macho. Akarudisha magazini, akaelekeza mtutu juu, akapiga tatu, kama walivyofundishwa: tatu ni kuomba msaada.

Majembe yalianguka. Kilima kikawa kitupu. Milango ikafungwa.

Muhigirwa akafungua jicho moja. "Umebafukuza bote, mama. Huku tukisikia bunduki, tunakimbia. Hata mi ningekimbia."

Védastine amekulia Gashonga, hapo jirani. Alijua. Mafunzo yalikuwa yamemsahaulisha.

Akaweka viganja mdomoni. "Ingobyi! Ingobyi weee!"

Ndiyo machela ya kusuka, ya kubebea wagonjwa mabegani. Kila nyumba ya vilima vile ina zamu yake, na ikiitwa hujifanyi kiziwi. Aliita mpaka sauti ikawa pumzi tu. Mlango mmoja ukafunguka, mwanamke akachungulia. Védastine akachomoa magazini, akaziinua bunduki aone, akazilaza majanini, akarudi nyuma hatua kumi, mikono wazi.

Wakaja wanaume wanane na machela. Mbele yao yule mwanamke, Patricie.

"Mugonjwa apande," alisema. "Bunduki haipande ingobyi."

Muhigirwa alikuwa ametambaa mpaka kwenye yake, ameshika mkanda. Akauangalia. Akauachia.

Walimfikisha kituo cha afya kwa mwendo wa saa mbili, Védastine nyuma yao na kilo zake nane. Mguu ulikatwa chini ya goti. Mzee sasa anakaa Nyakarenzo, anafuga sungura. Patricie hakuliona tena jembe aliloliangusha akikimbia risasi. Védastine aliandika maelezo ya zile risasi tatu, kurasa mbili, akapewa onyo. Bado yuko doria. Bunduki ya mzee alipewa mlinzi mwingine.