Rangi ya Waridi kwenye Nati Kumi na Sita

— Hii rangi ni ya nani?

Houssein alikuwa ameegemea mlango wa gereji, anafuta miwani yake. Hakujibu upesi, na mtu anayekawia kujibu swali dogo huwa ana jibu kubwa.

— Rangi gani?

— Hii ya waridi. Iko kwenye bulo zote, hizi nati za magurudumu. Mi natumia nyekundu, we unajua.

Hidaya alikuwa amelala chali chini ya ile Starlet nyeupe, iliyoingia Gitega dakika kumi tu zilizopita kutoka Muyinga. Kesho asubuhi Houssein, mchumba wake, angeshindana nayo kwenye uwanja wa mbio ambao watu wa klabu ya mbio za magari waliuchonga katika shamba kuukuu, njia ya Gishubi. Yeye ndiye dereva. Lakini gari hilo, kuanzia breki hadi springi, lilitengenezwa na mikono ya Hidaya.

Kifundo cha mkono kikagusa bomba la moshi. Alisikia harufu ya ngozi inayoungua kabla hajajua kwamba ngozi ni yake. Akauondoa mkono taratibu, akautazama, akaendelea na kazi. Tangu baba yake azikwe, miezi mitatu sasa, alikuwa amekufa ganzi mwili na moyo. Hakulia makaburini, hakulia matangani. Watu walimsifu kwa subira, maskini, hawakujua.

Gereji ilikuwa ya huyo baba, mzee Uthmani. Ndiye aliyemfundisha: ukishakaza nati kwa ile spana inayopima nguvu, chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Nati ikizunguka, mstari unakatika na jicho linaona. "Anayetia alama ndiye anayejibu," mzee alikuwa akisema. "Roho ya dereva iko mkononi mwake." Basi kichupa chekundu kilikaa kwenye sanduku la spana, na kucha za Hidaya hazikuwahi kukionja.

— Ah, hiyo! Houssein akacheka kidogo. Nilipata pancha ya tairi karibu na Kobero. Nafikiri fundi wa pneu ndiye alipaka.

— Fundi wa pneu ana vernis ya kucha, ya waridi, yenye kumetameta?

— Mais Hidaya, unauliza kama polisi!

 Hidaya alichukua kitambaa na disolva ya kuyeyusha rangi, akaanza kufuta tabaka la juu pole pole. Gurudumu la kwanza, chini ya waridi, mstari wake mwekundu ulikuwa mzima. La pili, mzima. La tatu, mzima. La mbele kulia, bila shaka lile la pancha, mstari ulikuwa umekatika: nusu kwenye rimu, nusu kwenye nati ikitazama kwingine kabisa. Akaweka spana. Nati ilizunguka karibu duara zima ndipo spana ikalia kwamba imekaza vya kutosha. Ya pili hivyo hivyo. Mchumba wake alikuwa ameshuka milima yote ile na gurudumu linalotaka kuondoka, na rangi nzuri juu yake ikisema kila kitu kiko sawa.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haya yalikuwa yamejipaka rangi kabisa.

Kwa sababu Hidaya aliijua rangi hiyo. Fatouma, rafiki yake wa Muyinga, alikuja nayo kwenye kucha siku za msiba. Walilala mkeka mmoja usiku saba. Aliporudi kwao, Houssein ndiye aliyempeleka.

Akapiga simu hapo hapo, sauti nje, Houssein akisikia.

— Allo, dada yangu!

— Fatouma. Ni we ulipaka bulo za gari?

Fatouma akashusha sauti:

— Amekuambia?

— Nimeona mwenyewe.

— Dada... Aliniambia kwamba we ukitia alama, roho yake iko mkononi mwako. Na mi nilitaka, hata mara moja tu, iwe mkononi mwangu.

— Ulikaza kwanza?

— Kukaza nini?

Hidaya akafumba macho.

— Tangu lini, Fatouma?

— Tangu siku ile alinirudisha. Dada, sikupanga...

Hidaya akakata simu. Baada ya dakika moja ujumbe ukaingia: "Nisamehe dada. Si mchezo, tunapendana. Alisema atakuambia baada ya mbio."

Alimgeuzia Houssein simu asome.

— Baada ya mbio?

— Ningekuambia vipi? Mama yako bado iko ndani ya eda. Harusi yenyewe inangoja eda iishe. Nilisema, donc, nisiongeze msiba juu ya msiba.

— Lakini gari umeleta.

Houssein aliangalia chini.

— Kwa gari, hakuna mtu mwingine naamini.

Hilo alilisema kwa moyo wake wote, na ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Hidaya alingoja hasira kama watu wanavyongoja umeme urudi. Haikuja.

— Nenda. Kesho gari utalikuta tayari.

Alifanya kazi hadi adhana ya magharibi. Alitoa hewa kwenye breki, akapima upepo wa matairi, akakaza nati kumi na sita, moja moja, kwa mpangilio wa msalaba kama alivyofundishwa. Kisha akafuta mistari yote ya zamani, akafunga sanduku bila kugusa kile kichupa.

Asubuhi, pale njia ya Gishubi, mkaguzi wa klabu aliinama kwenye kila gurudumu. Alikuwa Cubaka, Mkongo wa Bukavu muuza vipuri, na katika ukaguzi hakuwa na utani.

— Dada Hidaya, minaona gari haina alama. Iko namna gani?

— Nimekaza zote. Alama sitii.

— Sasa ni nani atajibu? Bila alama haiingie ku piste, unajua vizuri.

Houssein akashuka, kofia ya chuma mkononi.

— Hidaya, tafadhali. Watu wanaangalia.

Hidaya akamnyooshea spana kwa mkono mmoja, kichupa kwa mkono mwingine.

— Hakikisha, halafu tia mwenyewe. Roho ni yako.

Houssein aliitazama spana. Kuishika mbele ya watu wote wale ilikuwa kukiri kwamba ana sababu ya kumwogopa mwanamke huyu. Akachukua kichupa tu. Akapiga magoti mavumbini, akachora mistari kumi na sita, mingine imepinda.

Mizunguko sita. Dereva aliyekuwa akiingia kona kwa nguvu hadi watu wanapiga mayowe, siku hiyo aliziingia kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Kila kona alikuwa akilisikiliza gurudumu la mbele kulia. Magari yote yakampita, hata taksi moja kuukuu iliyokuja mbioni kwa mara ya kwanza.

Alisimamisha gari mbele ya Hidaya, uso umelowa jasho.

— Niambie kweli. Zilikuwa zimekazwa?

— Zote kumi na sita.

— Zote?

— Ungekimbia, ungeshinda.

Houssein akafunika uso.

— Waambie wazee wako posa imekwisha, Hidaya akasema. Na mwambie Fatouma alama si pambo. Kama anakutaka, ajifunze kukaza.

Akabeba sanduku lake, akaondoka.

Nyumbani mama alikuwa amekaa ndani katika nguo zake za eda. Alimwona binti akiingia ameshika kifundo cha mkono, machozi yanamtoka kama mtoto, mabega yanaruka.

— Hidaya! Una nini hapo?

— Nimeungua, mama.

— Lini?

— Jana.

— Jana? Na leo ndiyo unalia?

— Leo ndiyo inauma, mama. Inauma yote. Na baba pia.

Mama akampokea kifuani.