Najma na Kisanduku cha Juu

Ndugu zangu wa Kunduchi, na nyie wa Mbweni mnaopita kwetu mkiziba pua kwa harufu ya samaki, sogeeni. Malaria ina vidonge vyake, na upele una dawa ya kupaka. Lakini yapo maradhi ambayo hadubini ya zahanati haiyaoni, na mgonjwa wake hula vizuri, hulala vizuri, pengine hata hunenepa. Wivu ni mojawapo. Hii ni habari ya nyumba moja iliyougua wivu kwa sababu ya gemu. Ndiyo, gemu ya kwenye televisheni. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Nyumbani kwa Mzee Mbwana, mtunza stoo wa hoteli moja ya ufukweni, Jumapili baada ya sala ya alasiri ilikuwa saa ya heri. Mikeka ilitandikwa sebuleni, chai ya tangawizi ikamiminwa, televisheni ikavuliwa kitambaa chake cha kufuma. Mbele kabisa alikaa Bibi Mwajabu, mama yake Mzee Mbwana, macho mazima na masikio mazima zaidi. Ubavuni mwake alikaa mjukuu wake Najma, binti wa miaka ishirini, pedi ya kuchezea mkononi. Siku sita za wiki Najma alikuwa mshona nguo tu. Siku ya saba alikuwa mkalimani.

Mashine ile aliileta kaka yake, Nassibu, baharia wa meli za mizigo. Aliinunua Dubai, mtumba wa Kijapani, pamoja na kaseti tatu za hadithi moja ndefu: mashujaa wanne wadogo kama njugu wanazunguka nchi nzima, wanapigana na mazimwi, wanaingia kila nyumba bila kupiga hodi na kuzungumza na wenyeji. Maneno yote yalikuwa ya Kijapani, na nyumba nzima hakuna aliyejua hata herufi moja. Basi Najma aliyasoma kwa namna yake. Alimtazama mtu kwenye kioo, akamwonea huruma au akamchukia, kisha akasema alichojaliwa kusema.

"Huyu mama wa kisimani anasemaje?" Bibi angeuliza.

"Anasema mkwewe mvivu. Tangu juzi hajateka maji, na mbuzi wao ameibiwa."

"Mwizi ni yule mwenye kofia. Mie nilimshuku tangu kaseti ya kwanza!"

Kaseti mbili walizimaliza. Ya tatu iliwakwamisha kwenye mlango wa chuma wa Sultani, ambao haukufunguka kwa dawa wala kwa upanga. Najma alitangaza kwamba Sultani amefiwa, hapokei wageni. Wakaanza upya kaseti ya kwanza. Wakafika mlangoni, wakaanza tena. Miaka miwili walirudia, kama watu wanavyorudia taarabu wanayoijua neno kwa neno. Najma akisahau, Hamisa, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimkamata papo hapo.

"Wee Najma! Mwaka jana mama huyu kaibiwa mbuzi wawili. Mmoja kapatikana lini?"

Kaseti ile ya tatu ilikuwa na visanduku vitatu vya kuhifadhia safari, ili mchezaji aendelee pale alipoachia. Cha juu kilikuwa cha Nassibu. Alipokuja likizo mara ya mwisho alicheza mwenyewe, akamwacha askari wake, yule shujaa wa mbele, kwenye mlango wa nyumba ya wageni kando ya maji, akaenda zake melini. Tangu hapo miezi kumi na moja ilipita bila barua wala simu. Kila Jumapili, kabla ya mikeka kukunjwa, Bibi aliagiza kisanduku cha juu kifunguliwe. Askari mdogo angetokea, akipiga hatua palepale bila kwenda popote.

"Yupo," Bibi angesema. "Anatembea." Ndipo watu wangeruhusiwa kuondoka. Kumsogeza askari yule hata hatua moja ilikuwa marufuku.

Msimcheke bibi wa watu. Wangapi kati yenu mna picha ukutani mnayoiamkia asubuhi?

Basi Jumapili moja mlango ukagongwa. Alikuwa Auleria, mpangaji wa chumba cha uani, binti wa Kihaya aliyepiga chapa katika ofisi ya wahandisi wa Kijapani waliokuwa wakitengeneza barabara. Alikuja kuomba kibiriti.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa kidogo, tunamsikiliza mama wa kisimani. Kaibiwa mbuzi, maskini."

Auleria akaitazama televisheni. Midomo yake ikacheza taratibu, kama ya mtoto wa darasa la kwanza anayesoma. "Mbona hajasema habari ya mbuzi?" akasema. "Anasema, karibuni kijijini kwetu."

Chai ikaacha kunywewa.

"Unasoma?" Bibi akauliza.

"Zile herufi zao nyepesi tu, Bibi. Mama mmoja wa ofisini hunifundishaga wakati wa chakula cha mchana."

"Na yule mwenye ndevu?"

"Anasema, ukinunua silaha uivae. Ukiibeba tu mfukoni haikusaidii."

Bibi akapiga paja. "Mashallah! Hilo ndilo neno la mtu mzima! Hamisa, umesikia? Na zile kanga zako zilizolala kabatini zinasubiri nini?"

Watu wakaangua kicheko. Najma hakucheka. Kwa miaka miwili alikuwa amempa yule mwenye ndevu wake wanne, ugomvi wa shamba na jino bovu, na Bibi hakuwahi kupiga paja hata mara moja.

"Sogea kidogo mwanangu," Bibi akamwambia, "mwenzio aone herufi."

Najma akasogea. Ilikuwa shibiri moja tu ya mkeka, lakini kwake ilikuwa kama amehamishiwa mkoa mwingine.

Tangu siku hiyo Auleria aliitwa kila Jumapili. Walianza safari mpya kwenye kisanduku cha chini, naye akisoma tangu mwanzo. Walipofika kwenye mlango wa chuma akasoma maneno ya mlinzi: ufunguo uko chini ya kisima. Wakaenda, wakauchukua, mlango ukafunguka. Vigelegele vilivuka ukuta.

"Kumbe Sultani hakufiwa!" Hamisa akapiga kelele. "Kajifungia anakula pilau peke yake! Ehe, Najma, mkalimani mstaafu, pensheni umeshalipwa?"

Najma akatabasamu kwa meno tu. Moyoni alihesabu: leo Bibi amesema "ehe" mara tisa kwa Auleria, na kwake mara moja, tena alipouliza sukari iko wapi. Kikombe cha kwanza cha chai kilikwenda kwa Auleria. Neno "mjukuu wangu" nalo likaponyoka siku moja, likamwendea Auleria, na hakuna aliyelirudisha. Juma hilohilo Auleria alileta kitambaa ashonewe gauni. Najma alilibana makwapani kwa makusudi. Auleria akalivaa hivyohivyo, akashukuru, akawa hawezi kunyoosha mkono kuchukua kikombe, na Bibi akawa anampa mwenyewe mkononi. Wivu una kawaida hiyo: kila kamba unayotega inakunasa mwenyewe.

Jumamosi moja asubuhi watu wote wa nyumba walikwenda arusini. Najma akasema kichwa kinamuuma, akabaki. Gari la arusi lilipokata kona, kichwa kikapona. Akaivua televisheni kitambaa, akaitia kaseti ya tatu.

Visanduku vitatu vikatokea, na chini yake mistari mitatu ya maandishi. Mstari wa kwanza aliujua: ni wa kuendelea na safari. Miwili iliyobaki hakuwahi kuigusa. Auleria aliwahi kueleza kwamba mmoja ni wa kunakili na mmoja ni wa kufuta. Upi ni upi, Najma hakuuliza. Kumuuliza Auleria kitu kulikuwa kama kunywa shubiri.

Alitaka jambo moja tu. Alitaka kufuta kisanduku cha chini, safari ya Auleria, mlango wa chuma ufungwe tena na Sultani arudi msibani. Akachagua mstari wa katikati. Mkono mdogo mweupe ukatokea kuonyesha visanduku. Akauteremsha hadi cha chini, akabonyeza. Mkono haukuondoka. Ukaruka juu, ukasimama kwenye kisanduku cha Nassibu, na mashine ikauliza kitu kwa maandishi yake. Najma akadhani anaulizwa kama ana hakika. Hakika alikuwa nayo kuliko siku zote za maisha yake. Akabonyeza.

Kengele ndogo ikalia. Kisanduku cha chini kilikuwepo vilevile. Na cha juu kilikuwa pacha wake: picha ileile, namba zilezile. Hakufuta chochote. Alikuwa amenakili safari ya Auleria juu ya safari ya Nassibu, na askari wa Nassibu hakuwepo tena.

Akachomoa kaseti, akaipuliza mdomoni kama tunavyopulizaga wote, akairudisha. Pacha wawili wakamtazama.

Kesho yake, kabla ya mikeka kukunjwa, Bibi akasema kama kawaida, "Nioneshe Nassibu."

Kisanduku cha juu kikafunguliwa. Pakatokea jumba la Sultani, kwenye zulia jekundu.

"Hapa siyo," Bibi akasema. "Nassibu yuko kando ya maji. Yuko wapi?"

Mzee Mbwana, ambaye kwa kawaida alisinzia kwenye kiti chake, akasimama. "Nani kagusa?"

Hapo ndipo Najma angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake akainamisha macho na kusema, "Baba, mwenye kujua herufi hizo ni Auleria. Mie najua kitu gani?" Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili alikiri kwamba hajui kusoma, na alikiri ili mwenzake aangamie.

"Mie sijagusa kisanduku cha juu, Baba," Auleria akasema. "Tazameni, cha juu na cha chini vinafanana. Hapa mtu kanakili. Kwa nini ninakili juu ya safari ya Nassibu?"

"Unaona? Hata jina la kosa unalijua!" Mzee Mbwana akafoka. "Sie hatujui kunakili wala kutonakili. Nyumba hii ilikuwa na mwanangu mmoja wa kutazamwa, nawe umemfuta. Ijumaa nataka chumba changu."

Auleria akamtazama Najma. Kisha akamuaga Bibi, akatoka. Ijumaa kitanda chake kilipakiwa kwenye pikapu, akahamia kwa binamu yake Kibamba.

Jumapili iliyofuata Najma aliketi palepale pa zamani, shibiri yake imerudi. Watu walikuja wachache. Hamisa hakufanya mzaha.

"Mama wa kisimani anasemaje?" Bibi akauliza, bila kutazama televisheni.

"Anasema... mbuzi wake kapatikana."

"Na Nassibu?"

Najma akaifinya pedi. "Nassibu kahama ile nyumba ya wageni, Bibi. Kaacha maagizo kwamba yuko njiani anarudi."

Bibi akaichukua pedi kutoka mkononi mwake, akaiweka chini taratibu.

"Najma, tangu siku ya kwanza nilijua unatunga. Wewe nimekusuka nywele ukienda shule hapahapa Mtongani. Kijapani ungekitoa wapi? Nilikuwa nakuja kukusikiliza wewe. Yule binti kanisomea maneno yao, nikafurahi, kwani mgeni hafurahiwi? Nilikwambia usogee. Nani alikwambia utoke?"

Najma akaanza kulia.

"Ngoja, sijamaliza. Uongo wako wote wa miaka miwili ulikuwa hauna wa kumuumiza. Huu una mtu, na kitanda chake kimekwenda Kibamba. Wiki nzima nimewaza maneno ya yule binti. Mwenye kujua kusoma, akitaka kufuta, hufuta alichokusudia. Aliyenakili ni asiyejua. Na siku ya arusi kichwa kilimuuma nani?"

Kesho yake Mzee Mbwana na binti yake walikwenda Kibamba. Walimkuta Auleria anaanua nguo. Najma alipiga magoti, akasema yote, hata habari ya gauni. Auleria alisikiliza mpaka mwisho, nguo mkononi.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini kurudi, sirudi. Baba alinifukuza kwa kuwa najua. Kesho redio ikiharibika atasema mie ndiye nijuaye kuiwasha. Bibi mnisalimie sana."

Walirudi Kunduchi na salamu tu.

Mashine ikafunikwa. Mara moja tu Najma alijaribu kuianzisha, kaseti ya kwanza kabisa, akamwita Bibi.

"Acha tu, mwanangu," Bibi akasema kutoka barazani. "Zamani nilikuwa nasikiliza. Sasa nitakuwa nachunguza." Na barua ya Nassibu ilikuwa bado haijaja.

MAFUNZO

Kwa wale wasiopenda kujitafutia, mafunzo ni haya. Kusogezwa si kufukuzwa. Mtu akipendwa mbele yako, hajapunguziwa kutoka kwenye fungu lako. Upendo wa wazee si mkate wa msaada unaogawiwa kwa foleni. Najma hakunyang'anywa kitu na Auleria. Alijinyang'anya mwenyewe, na akamnyang'anya bibi yake faraja pekee aliyokuwa nayo. Wivu humlenga mgeni, lakini haujui kulenga, na risasi yake mara nyingi hukutwa kifuani mwa mtu wa nyumbani.

Na nyie akina baba wenye sauti kubwa, msimhukumu mtu kwa sababu anajua jambo msilolijua nyie. Mkifanya hivyo, wenye kujua watahama mmoja mmoja, nanyi mtabaki na waongo waliowazoea.

Aliye na mgeni nyumbani kwake leo, amwachie nafasi mkekani kabla hajaambiwa asogee.