Wiki Sita Bila Samaki

Jumamosi asubuhi soko la Nakuru lilikuwa limefurika. Watu walipitana kwa mabega katikati ya magunia ya viazi na mikungu ya ndizi. Pembeni, kwenye kibanda cha Wawira cha kuuza samaki wa mapambo, alisimama msichana mwenye gauni la manjano na raba nyeupe. Aliitwa Jepkemboi, na alifanya kazi ya mapokezi katika kliniki ya meno. Huko kazini kulikuwa na tangi la samaki, na kwa miaka miwili alikuwa amekula chakula cha mchana akiliangalia. Mwezi huo alikuwa amehamia nyumba yake mwenyewe kule Kiamunyi. Baada ya kununua kitanda, kitu kingine alichotaka ni tangi lake.

Tangi tayari lilikuwa miguuni pake. Mkononi alishika kindoo chenye samaki watano wekundu, wadogo kama kidole.

"Maji uliweka lini?" sauti ya kiume ikamuuliza.

Aligeuka. Kijana mrefu mwenye ovaroli ya kijivu alikuwa akitua tangi lingine jipya mbele ya kibanda. Vidole vyake viwili vilikuwa na plasta.

"Nitaweka leo nikifika nyumbani."

"Basi hao watakuwa wamekufa kufikia Alhamisi."

Wawira aliweka mikono kiunoni. "Kihara, umeniletea matangi ama umekuja kunifukuzia wateja?"

"Ukimuuzia leo atarudi akilia, na hatanunua tena. Mwekee."

"Kwani wewe ni daktari wa samaki?" Jepkemboi akauliza.

"Mimi ni fundi wa vioo. Najenga nyumba zao. Na nyumba mpya haina wadudu wazuri wa kula uchafu wa samaki. Uchafu unageuka sumu. Unangoja wiki sita, tangi likiwa na maji tu."

"Wiki sita nikiangalia maji?"

"Unaweza kuwa unaniangalia mimi."

Wawira alicheka kabla Jepkemboi hajajua kama atakasirika. Kindoo kikarudi kibandani, na alasiri hiyo Kihara akabeba tangi hadi Kiamunyi.

Alifanya kazi polepole. Aliosha mchanga mara saba, mpaka maji yakatoka meupe. Alitia dawa ya kuondoa klorini, akaweka kifaa cha kupasha maji joto kwa sababu Nakuru ni baridi, kisha akafunga filta. Ndani ya filta alichomeka kipande cha sponji chafu alichokuja nacho kwenye chupa.

"Hiyo takataka ni ya nini?"

"Imetoka kwa tangi langu. Ndiyo ina wadudu. Ukiiosha na maji ya mfereji, klorini itawaua, na tumeanza upya. Na kila jioni tia chakula kidogo."

"Nilishe samaki ambao hawako?"

"Unalisha wadudu. Kutoka leo jina lako ni Mama Samaki."

Kila Jumamosi alirudi kupima maji. Walikaa sakafuni, mabega yakigusana, wakimwaga matone kwenye chupa ndogo na kusubiri rangi. Kijani ilimaanisha sumu bado ipo. Manjano ilimaanisha imeisha. Katikati ya wiki walipigiana simu.

"Mama Samaki, watoto wamekula?"

"Wamekula. Umekula wewe?"

"Chapati na chai."

"Chapati na chai si chakula, beb. Kuja Jumamosi na njaa."

Jumamosi ya tatu alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, akinukia sabuni, na ikapita saa nzima kabla hawajakumbuka kupima maji. Ya nne, Jepkemboi alimpikia mchele na nyama, na Kihara akamwambia kwamba hajawahi kuwa na mahali anapoharakisha kufika namna hii. Alisema hayo akitazama sahani. Jepkemboi aliinua kidevu chake kwa kidole, akambusu.

Jumamosi ya tano Kihara hakuja.

Jepkemboi alituma ujumbe. Ulisomwa, haukujibiwa. Jumapili baada ya kanisa alipiga simu. Ikapokewa na mwanamke.

"Haloo. Nani?"

"Ni Jepkemboi. Naomba kuongea na Kihara."

Alisikia pumzi ya yule mwanamke, kisha simu ikakatwa.

Basi ana bibi, akajiambia. Wiki nzima alitabasamia wagonjwa kliniki, akaandika majina yao, na jioni akakaa gizani asilione tangi. Lakini chakula aliendelea kutia. Alijichukia kwa hilo, na bado akatia.

Jumamosi ya sita mlango uligongwa. Kihara alikuwa amesimama na kile kindoo cha Wawira, macho yamevimba kama mtu aliyetoka matangani.

"Rudi kwa bibi yako," Jepkemboi alisema.

"Sina bibi. Aliyepokea simu ni mamangu."

"Mamako anakatia watu simu?"

"Nilikuwa kwake. Usiku wa kuamkia hapo nilimwambia jina lako, akalia, na sikujua nitakujibu nini. Niache niingie, nikueleze. Ukitaka kunifukuza, utanifukuza nikimaliza."

Alimwachia njia. Kihara hakukaa. Alieleza akiwa amesimama, kindoo mkononi, na maneno yalitoka moja moja. Walikuwa wakiishi Molo. Mwaka ule wa vita vya uchaguzi yeye alikuwa na miaka tisa. Ndugu yake mkubwa, Ndung'u, alikuwa na kumi na saba. Walipokimbia nyumba ikiwaka, imechomwa na watu wa kabila la Jepkemboi, Ndung'u alirudi kufungulia ng'ombe, na hakutoka. Mama alimchukua yule mdogo aliyebaki, wakaishia Subukia, na mpaka leo watu humwita Mama Ndung'u.

Jepkemboi alikaa kitini. Akasema, "Babu yangu pia alichomewa nyumba, Rongai, na watu wa kabila lako. Tulilala kanisani wiki mbili. Nilikuwa na miaka minane."

"Hujawahi kuniambia."

"Hata wewe."

Akamvuta mkono. Walipopima maji, yalitoka manjano. Walikiacha kindoo kikielea ndani ya tangi mpaka maji yakazoeana, kisha samaki wakatoka mmoja mmoja. Jepkemboi alilia na kucheka pamoja.

"Nataka kukuoa," Kihara alisema. "Twende Subukia Jumamosi. Akikuona atabadilika."

Walienda. Jepkemboi alivaa sketi ndefu ya bluu na sweta, akafunga kitambaa kichwani, akabeba sukari, majani chai na shuka jipya. Mama Ndung'u alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mikono ya mtu aliyechuma kahawa miaka mingi. Aliwakaribisha vizuri, akawapa chai yenye maziwa mengi na viazi vitamu. Kisha akamtuma Kihara akaangalie ng'ombe, na wote watatu walielewa.

"Unaitwa nani, mamangu?" aliuliza, ingawa alijua.

"Jepkemboi."

Kikombe kilitikisika mkononi mwa mama. Akakiweka chini.

"Umeona? Wewe hujanikosea. Nikikutazama naona mtoto mzuri, mwenye heshima. Lakini nikisikia hilo jina, mwili unatetemeka. Nimeuombea. Pasta ameuombea. Bado unatetemeka."

"Naweza kungoja, mama. Hata miaka."

"Mimi nimengoja karibu miaka ishirini mwili utulie, na ni wangu." Mama alifuta macho kwa pindo la leso. "Mkioana sitawazuia. Sitamlaani mtoto wangu. Lakini kuishi nikiogopa mke wa mwanangu ndani ya nyumba yangu, hilo siwezi. Nisamehe."

Jepkemboi alihamia kwenye kochi la mama, akamshika mkono, na mama hakuuondoa. Waliketi hivyo, wakilia pole pole, mpaka Kihara alipoingia na kuwakuta. Kwa dakika moja uso wake uliangaza. Alidhani mambo yamekuwa sawa.

Jioni, Kiamunyi, Kihara alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Tutaoana tu. Amesema hatatuzuia. Atazoea."

"Na Krismasi utaenda wapi?"

"Nitaenda kumwona, nirudi."

"Peke yako. Na tukipata mtoto?"

Kihara aliendelea kutembea.

"Niambie, beb. Tukipata mtoto, utampeleka kwa mamako, cucu wake, mimi nibaki kwa barabara nikiwangoja?"

"Amebaki na mimi peke yangu, Jepkemboi." Akaacha kutembea. "Mwingine hana."

"Najua. Ndiyo sababu sikuombi uchague. Nikikuomba utanichagua mimi, halafu kila siku nitakuona ukimtafuta mamako usoni mwangu. Sitaki kuolewa hivyo. Na sitaki yule mama apoteze mtoto wa pili kwa sababu yangu."

"Unaniacha?"

"Ndiyo. Nakupenda, na nakuacha."

Kihara hakumbembeleza. Angembembeleza, pengine angeshinda, na wote wawili walilijua hilo. Alimkumbatia kwa muda mrefu, plasta za vidole vyake zikikwaruza shingo yake, kisha akachukua koti lake.

Mlangoni alisimama. "Jumamosi nije nikubadilishie maji?"

"Nitabadilisha mwenyewe."

"Usitoe yote. Ni robo tu, na sponji—"

"Sponji naosha kwa maji yaliyotoka kwa tangi. Najua, Kihara. Ulinifunza vizuri."

Alitingisha kichwa, akashuka ngazi. Jepkemboi alibaki ameshika kitasa, akihesabu hatua. Aliposikia geti likifungwa alimwita kwa jina, si kwa sauti ya kusikika huko nje, mara moja tu. Kisha akafunga mlango, akakaa sakafuni mahali pale walipozoea kukaa wawili, akalia mpaka sweta ikalowa mikono yote miwili.