Goti la Bibi Fundi

Kila nikitoka shule nilimkuta bibi kwenye cherehani yake ya kukanyaga, akishona sare za wanafunzi. Mimi nilishona vifungo na kupiga pasi. Siku moja nilishona upindo ukaenda upogo, nikauficha kwa pasi. Bibi aliuona. Aliufumua wote kwa wembe mbele ya mteja, akaniambia, "Mjukuu wangu, mimi sifanyi kazi na mwongo." Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Siku tatu baadaye, mimi na mama tulimpeleka hospitali kwa sababu ya goti lake la kulia. Daktari alituonyesha picha ya goti hilo.

"Bibi, gegedu, ule utando laini unaozuia mifupa isisagane, umelika upande wa ndani," alisema. "Tunaweza kubadilisha upande huo peke yake. Kidonda ni kidogo na utarudi kazini mapema. Au tubadilishe goti zima, ila hapo utachukua muda mrefu zaidi kupona. Lakini kama linauma na pande nyingine, upasuaji wa nusu hautakufaa, na huenda tukakupasua tena. Picha inaonyesha mifupa, haionyeshi maumivu. Unaumia wapi?"

"Hapa ndani tu," bibi alijibu bila kupepesa macho.

Ndani tu, wakati mimi ndiye niliyemchua goti zima kila asubuhi, na kumsikia akiguna kwenye ngazi, ameshika mbele ya goti! Nilimtazama mama. Naye aliangalia sakafu, kwa sababu muhula mpya ulikaribia na vitambaa vya sare vilijaa chumba kizima kule nyumbani.

Mimi kwa upindo mmoja niliitwa mwongo mbele za watu. Hapa daktari anadanganywa mchana kweupe, na watu wazima wamenyamaza.

"Daktari, si kweli," nilisema.

Mama alinifinya. "Nyamaza, wakubwa wanazungumza."

"Sinyamazi, mama. Linamuuma mbele na upande wa nje pia. Apasuliwe mara mbili kwa ajili ya sare?"

Daktari alibonyeza upande wa nje wa goti. Bibi alikunja uso, akashika ukingo wa kitanda.

"Bibi," daktari alisema kwa upole, "mimi nachagua upasuaji kwa maneno yako pia. Ukinipa nusu ya ukweli, nitakutibu nusu."

Bibi alibadilishiwa goti zima. Sare za muhula ule zilishonwa na fundi jirani, na bibi alinuna kwelikweli. Miezi kadhaa baadaye alipanda ngazi bila kuguna, akakaa kwenye cherehani, akaniita.

"Siku ile nilikukasirikia," alisema. "Nilikuita mwongo, kisha nikaenda kudanganya mbele yako. Ulifanya vizuri kunifumua. Kusema kweli si kazi ya watoto peke yao, na daktari ndiye usimfiche hata neno moja."

Akaninyooshea wembe wake wa kufumulia.

"Kaa nao wewe," alisema. "Ukiniona naenda upogo tena, nifumue, usiningoje."