Kilichokusanywa Gofuni

Wivu ukiwa moyoni, haulali haukomi,
Na cha kutupwa gofuni, hurudi kina ulimi.

Adhana ya magharibi ilikuwa imekaribia Fahima alipotoka mlangoni na mfuko wa taka. Alivuka kichochoro, akasimama mbele ya gofu, nyumba ya mawe iliyoporomoka zamani, iliyopakana ukuta kwa ukuta na nyumba ya Bi Swafiya. Akatazama huku na huku. Akatupa.

Pwaa.

Pipa la mtaa lilikuwa hatua arubaini tu, kwenye ndia ya kwenda gatini. Lakini Fahima hakutaka taka zake ziende mbali. Alitaka zinuke papo hapo, uvundo upande dirisha la jirani na kulala naye.

Bi Swafiya alikuwa mjane, mpole, na baraza yake ilifagiwa asubuhi na jioni. Jioni moja Mohdhar, mumewe Fahima, avushaye abiria kwa boti baina ya Amu na Manda, alisema akinywa chai, "Baraza ya Bi Swafiya, wallahi, mtu angekula wali juu yake bila sahani." Alilisema mara moja, akicheka. Fahima alilisikia kila siku kwa miezi minane. Akaona mume anatoka mkononi mwake, na anayemchukua ni yule mwenye ufagio.

Basi yakaenda gofuni matumbo ya samaki, chupa, mifuko ya plastiki. Vikaenda na vingine: buibui kuukuu, leso iliyochanika, bangili zilizovunjika, kucha, na nywele zilizosalia kwenye kitana. Bibi yake alimfunza tangu utotoni kwamba nywele na kucha za mwanamke huzikwa, na kwamba mahali palipohamwa hapatupwi kitu bila bismillahi. Fahima aliyajua yote mawili. Wivu ulimsahaulisha yote mawili.

Punda wa Bwana Jaafar aliingia gofuni akala, akafa tumbo limemvimba. Walipompasua walikuta mifuko tele, na katikati yake kipande cha leso. Haikuwa imevurugika kama kitu kilichotafunwa. Ilikuwa imesukwa, shungi kwa shungi, na nywele ndefu za mwanamke.

Fahima aliitambua leso yake. Jioni ile akatupa tena.

Asubuhi moja akachungulia dirishani. Bi Swafiya alikuwa amechutama gofuni, akiokota nywele kutoka kwenye taka, unywele mmoja baada ya mwingine, akizifunga kitambaani.

Fahima alishuka ngazi miguu mitupu.

"Leo nimekushika! Nyele zangu waziokotea nini? Wampelekea mganga akupe mume wa watu?"

"Punguza sauti, mwenzangu." Bi Swafiya hakuinuka. "Si mimi nizitakaye."

"Ni nani basi?"

Bi Swafiya alitupia jicho pembe yenye giza, chini ya ngazi iliyovunjika. Akanong'ona, "Nazizika kila asubuhi. Nyele, kucha, vitambaa vyako. Nusu yake siwahi. Hunitangulia yeye."

"Yeye nani?"

"Alikuwako kabla ya nyumba zetu. Hakuwa na umbo, Bi Fahima. Wewe ndiye umpaye."

Fahima alicheka, kicheko kikavu.

"Mjane kakosa kazi! Sikiza. Taka ni zangu, mume ni wangu. Ukigusa changu tena, mtaa mzima utajua kuwa wewe ni mchawi."

Bi Swafiya alikitua kile kitambaa chini, taratibu, kama mtu anayetua mtoto aliyelala.

"Umenikataza kwa ulimi wako," alisema. "Sina ruhusa tena."

Tangu hapo hakuingia gofuni. Na Fahima akatupa siku saba mfululizo, akitupa kwa furaha.

Siku ya saba, saa ile ile ya magharibi, aliurusha mfuko.

Haukulia.

Alingoja. Kimya... Hata paka hakulia. Mfuko haukuanguka chini.

Ulikuwa umedakwa.

Kisha ikaja harufu. Si ya uvundo. Ilikuwa ya udi, udi wake mwenyewe, ule aufukizao usiku wa Ijumaa kwa ajili ya Mohdhar. Na nyuma ya harufu, mlio wa bangili.

"Nani?" akanong'ona.

"Nani?" sauti yake ikamjibu.

Ikatoka chini ya ngazi. Ilivaa buibui lake kuukuu, limeshonwa kwa nyuzi za nywele. Kila hatua ilichakarisha plastiki. Mkono ulioshika mfuko ulikuwa na kucha kumi, na nyuma ya hizo kumi nyingine, zimepangwa kwa uangalifu.

"Nyumba yako nzuri, Fahima," ikasema polepole. "Miezi minane naitazama. Mumeo hurudi akicheka. Mimi nalala na matumbo ya samaki. Kwa nini uwe nayo wewe?"

Fahima aliyajua maneno hayo. Ndiyo aliyokuwa akiyasema moyoni kila akiitazama baraza ya jirani.

Alifungua kinywa apige bismillahi.

Kinywa kilikuwa kimejaa plastiki.

Alianguka kwenye taka zake. Kilichomvuka hakikutazama chini. Kilivuka kichochoro, kikasimama mlangoni, kikatengeneza buibui kichwani.

Mohdhar alikuwa anakuja kutoka gatini.

"Mbona wanukia hivyo leo? Ndoo hapa nikutazame, Fahima. Una nini?"

"Nakungoja tu, mume wangu."

Wakaingia. Komeo likalia.

Bi Swafiya, aliyeona yote kutoka barazani, alikimbilia gofuni na ufagio. Hakumkuta mtu. Alikuta mfuko mmoja mweusi, umefungwa fundo, ukipanda na kushuka... ukipanda na kushuka... Alipolifungua lile fundo, mfuko ulitulia. Ndani mlikuwa na kitana tu.

Siku hizi wanawake wa kichochoro kile huzika nywele zao, na taka zote huzibeba hadi pipani, hata wazee wa miguu mibovu. Fahima naye, watu husema, ametengenea. Hatupi kitu. Huokota. Huokota vya kwake na vya wengine, akavitia ndani, na hakuna aliyeona vikitoka. Juzi alikwenda kwa kinyozi wa Mohdhar, akaomba afagie mwenyewe nywele za mumewe. Mohdhar amekonda, nguo zinampwaya, lakini hucheka bado.

Bi Swafiya alimgongea mlango mara tatu amwonye. Mara ya tatu sauti mbili zilimjibu kutoka ndani, ya mke na ya mume, kwa pamoja, na zote mbili zilichakarika kama plastiki.

Magharibi ya siku hiyo ilipoadhiniwa, milango ya kichochoro ilifungwa mmoja mmoja. Aliyebaki nje amesimama ni Bi Swafiya, na ufagio wake.