Dumu la Adibluu

Mazoea yana taabu, na mazoea ya Magige yalikuwa kuzima gari kila aliposimama. Awe sokoni Bunda, awe anamsalimia mtu barabarani kwa dakika mbili, lazima azime. "Dizeli haiokotwi," husema. Kwa hiyo alasiri ile, alipovuka mkondo wa kwanza wa mto na kusimama kwenye tuta la mchanga ili autazame mkondo wa pili, mkono wake ulikwenda kwenye ufunguo bila hata kumuuliza.

Kwenye kiti cha nyuma Marcelina alifungua mdomo. "Usi..."

Akalimeza neno. Mkamwana hamwamrishi baba mkwe wake. Injini ikanyamaza.

Walikuwa wanawahi msiba Butiama, msiba wa dada yake Magige. Paschal, mume wa Marcelina, alikuwa ametangulia tangu jana. Magige alichagua njia ya mkato ya mashambani, inayokatiza mto usio na daraja, kwa sababu karibu mwaka mzima mto huo huwa mchanga mtupu na vijito viwili vya kulowesha kwato. Kwamba wingu jeusi lilikuwa limelalia vilima tangu asubuhi, hilo hakulitia maanani.

Pikapu yake ilikuwa ya dizeli, ya hizi za kisasa zenye tangi la pili, dogo, la adibluu, yale maji maalum ya kusafisha moshi. Marcelina aliyajua vizuri. Kabla ya kuolewa alikuwa akiuza vipuri Musoma, na taa ya tangi hilo ilipowaka alimletea mkwewe dumu la lita kumi. Dumu hilo lilikuwa bado nyuma kwenye bodi la mizigo, halijafunguliwa. Magige alikuwa amesikia kwamba adibluu ni urea na maji tu, na mkulima wa pamba atakosaje urea? Alikoroga mbolea kwenye ndoo, akaichuja kwa kitambaa, akajaza tangi akiwa na furaha ya mtu aliyewazidi ujanja wenye maduka.

Gari halikudanganyika. Lilianza kuhesabu kilomita kurudi chini, na siku ile walipopita Nyamuswa likafika sifuri. Gari la namna hiyo huendelea kutembea. Ila ukilizima, haliwaki tena.

"Baba, hiyo namba imeisha," Marcelina alikuwa amesema.

"Namba iishe, gari si inatembea?"

Alimwambia mara moja. Mara ya pili ingekuwa ubishi.

Magige alirudi kutoka kwenye mkondo wa pili akichechemea. Alikuwa ameteleza kwenye jiwe, na muundi wa mguu wa kulia ulikuwa umechanika, damu ikimwagikia kiatuni. Akaingia, akazungusha ufunguo. Taa zote ziliwaka kwenye dashibodi, lakini injini haikutoa hata kikohozi. Akajaribu tena, akajaribu tena, kisha akaupiga usukani ngumi.

"Tumimine hiyo ya kwenye dumu?" aliuliza, macho mbele.

"Haisaidii, Baba. Tangi imejaa mbolea. Mpaka fundi aimwage yote, aisafishe, afute na makosa kwa kompyuta."

"Simu?"

"Hamna mtandao huku bondeni."

Marcelina alivua kitambaa cha kichwani, akakiweka juu ya kiti cha mbele, akaurudisha mkono wake. Hapo ndipo Magige alipokichukua. Kwao mkwe na mkamwana hawagusani, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawatazamani usoni. Kwa miaka minne walikuwa wameishi boma moja pale Kabasa bila kuivunja heshima hiyo hata siku moja.

"Kaza hapo juu ya kidonda, Baba. Kaza sana."

Kisha ukaja mlio, kama lori linalopanda mlima kwa gia nzito. Marcelina aligeuka. Kwenye kona ya mto maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanakuja yakisukuma povu, mabua na ndara moja ya mtoto. Kabla hawajafungua mlango, mikondo yote miwili ilikuwa imejaa, na tuta walilosimama likawa kisiwa.

Wakabaki ndani ya gari. Wangekwenda wapi? Maji yalifika kwenye matairi, yakapanda vidato vya kukanyagia, yakaanza kuingia chini ya milango, ya baridi, yakinuka matope na samadi. Kila mmoja alikaa mahali pake kama mgeni aliyeambiwa asubiri. Marcelina alimfikiria mwanawe, aliyeachwa nyumbani kwa bibi. Mtoto huyo alirithi jina la babu yake, Magige, na kwa kuwa mkamwana halitamki jina la mkwe, Marcelina alimwita Babu. Watu wazima walicheka kumsikia akimbembeleza Babu wa miaka miwili. Sasa aliogopa, na aliona hasira pia, hasira juu yake mwenyewe. Neno moja tu lilimshinda kumalizia.

"Unajua kuogelea?" Magige aliuliza.

"Nimezaliwa ziwani, Baba. Mzee wangu, Bernado, alitutupaga majini kabla hatujajua kutembea vizuri."

"Mimi maji naogopaga hata ya kisimani."

Maji yalipofika magotini, Marcelina alisema, na safari hii hakumeza kitu, "Fungua vioo sasa hivi. Umeme ukifa tutafungiwa humu."

Magige akavifungua vyote. Walitoka madirishani, kila mmoja upande wake, wakapanda kwenye bodi, na bodi lilipozama wakapanda juu ya paa. Paa lilikuwa dogo kama meza ya kulia chakula. Wakakaa wamepeana migongo, na kati yao wakaacha nafasi ya kiganja. Kwa saa nzima walikaa hivyo. Walipiga kelele mpaka sauti zikakauka, na ng'ambo hakukuwa na mtu. Pande zote maji yalipita kwa kasi ya kutia kizunguzungu.

Gogo ndilo lililoamua. Lilikuja na mizizi yake, likaigonga pikapu ubavuni, nayo ikajikokota mchangani na kuinamia upande. Magige aliteleza mpaka maji yakamfika kifuani, akajivuta juu tena.

Marcelina alishuka kwenye bodi, akatafuta kwa miguu, akaibuka na lile dumu. Akalifungua. Lita kumi za adibluu safi zikaingia mtoni. Akalifunga tupu, kifuniko akikikaza kwa meno, akavua kitenge chake cha juu na kukipitisha kwenye mpini.

"Unaona ule mkuyu wenye mizizi majini, pale chini? Maji yenyewe yanaelekea kule. Hatushindani nayo, tunakata mshazari. Wewe unashika dumu, mimi nakushika."

"Mkwe hashikwi," Magige alisema.

"Baba, gari inaondoka."

"Nenda. Una mtoto. Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Utamwambia Paschal nilikataa mwenyewe."

"Baba, tafadhali."

"Nimesema nenda! Nisife na aibu."

Gari lilijikokota tena. Marcelina aligeuka, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne alimtazama baba mkwe wake usoni. Aliona mzee mwenye midomo ya bluu, aliyeogopa kuliko alivyowahi kumwona mtu yeyote.

"Magige!" alipaza sauti. "Njoo hapa! Shika mgongo!"

Ilikuwa ile sauti ya mama anapomtoa mtoto kwenye tope. Mzee alishtuka. Tangu mama yake afe hakuna mwanamke aliyemwita hivyo. Akaja. Marcelina alimfunga kitenge kwapani pamoja na dumu, akaizungusha mikono ya mzee mabegani mwake mwenyewe, wakaingia majini.

Mto uliwachukua mara moja. Magige alimkaba shingo.

"Legeza! Shika bega, si shingo! Uso juu!"

Alipiga miguu mshazari, kama alivyofundishwa, akimeza matope na kuyatema. Tawi lilimchana shavu. Dumu lilizama, likaibuka, likawainua wote wawili. Mkuyu ulikuja haraka kuliko alivyotarajia. Mkono wa kwanza ukakosa mzizi, wa pili ukapata. Akaning'inia pale, mzee mgongoni, hana nguvu hata ya kulia, mpaka mchungaji mmoja, Mniko, aliyekuja kutazama kama ng'ombe wake watavuka, akawatupia kamba.

Kule Kabasa alichinjwa mbuzi wa kutakasa mwiko uliovunjwa. Wazee walipouliza nani alianza kumgusa mwenzake, Marcelina aliinamisha kichwa, lakini Magige akadakia. "Mimi ndiye nilizima gari," alisema. "Mengine yote yalitokana na hapo. Huyu alinibeba."

Pikapu ilivutwa kwa trekta mpaka kwa fundi Leonardi, Buhare, baada ya maji kupungua. Lile tangi dogo lilitoka mabonge meupe, magumu kama magadi. Ilimchukua fundi mwezi mzima. Siku ya kuifuata, Magige alisikiliza maelezo yote amekunja mikono: oili lini, chujio lini, adibluu ya dukani tu, na taa ya chujio la moshi ikiwaka, acha injini iungurume mpaka taa izime yenyewe.

Nje ya gereji Marcelina alishika mlango wa nyuma.

"Hapana," Magige alisema. Alikuwa ameshafungua wa mbele. "Huko nyuma unaonaga taa halafu unanyamaza."

Karibu na Bunda kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka lami taratibu. Magige akasimama. Taa ya chujio ilikuwa inawaka, na mkono wake, kwa mazoea yake, ukaenda kwenye ufunguo.

"Usizime!" Marcelina alisema kwa sauti.

Magige aliurudisha mkono kwenye usukani. Wakakaa pale, injini ikiunguruma, mpaka ng'ombe wa mwisho akapita.